Kaptula ya Mama ya Mlimani

Mtumba ukifunguliwa asubuhi, kabla mikono ya watu haijaufikia, hutoa harufu yake ya pekee: dawa ya nguo, vumbi la safari ndefu, na sabuni ya nyumba za watu usiowajua. Juzi niliisikia tena katika soko la Meru. Wenzangu wa ofisini wameanzisha kikundi cha kupanda milima siku za Jumamosi, na mmoja wao, mgeni katika mambo haya, aliniomba nimsindikize akachague kaptula ya kutembelea. Alishika moja akaniuliza, "Na hii?" Nami nikajikuta nimeshaigeuza ndani nje na kupitisha kidole gumba kwenye mshono wa katikati. Akataka kujua nilijifunzia wapi. Nilimpa jibu fupi, kwa sababu lile refu lingeniliza mbele ya wauzaji. Ninyi nitawapa lile refu.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa kwenye mteremko juu ya Karurumo, nyumba ya mbao katikati ya kahawa na migomba, na asubuhi anga likiwa safi tuliuona Mlima Kenya wote tukiwa mlangoni pa jiko, na weupe wake kileleni. Baba alikuwa mpagazi huko. Aliwabebea wageni mizigo hadi kambini, akarudi na uso uliobabuka na hadithi za maji yanayoganda kwenye kikombe usiku kucha hata kijiko kinakwama. Kwangu mimi mlima ulikuwa wa baba, jinsi shamba lilivyokuwa la mama. Kisha mwaka ule akateleza kwenye jiwe lenye umande, goti likapinda vibaya, na daktari akamwambia asipande tena.

Mlima ule ndio uliokuwa karo yetu, na sukari yetu, na mafuta ya taa. Baba sasa alishinda kwenye kigoda akimenya viazi, tena vibaya kabisa, nusu ya kiazi ikienda na ganda, na mama hakumsema hata mara moja. Kumbe alikuwa anafikiri. Siku moja tukila chakula cha jioni alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, "Mimi nitaenda kubeba."

Nilimtazama baba nikingoja acheke. Hakucheka. Alimjua mke wake: mwanamke aliyeshuka kilima cha Karue na mzigo wa kuni mgongoni, umeshikwa na mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, huku mikono yake ikisuka kiondo njiani. Kesho yake baba alijikokota hadi kwa Mzee Njeru, mkubwa wa wapagazi, akarudi na jibu. Mama angejaribiwa safari moja ya siku nne. Akienda na kurudi na mzigo wake bila kusaidiwa, nafasi ya baba ni yake. Akishindwa, asirudi kuuliza. Na asije na sketi, maana kuna mahali watu hupanda mawe kwa mikono na miguu, na sketi ingemwangusha.

Mama hakuwa amewahi kuvaa suruali, sembuse kaptula. Katika kanisa letu hakuna mwanamke aliyethubutu. Na hapa lazima nikiri jambo. Muhula uliotangulia, mwalimu mgeni alikuja shuleni kwetu amevaa suruali, msichana mpole wa kutoka mjini, nasi tukamtungia wimbo na kumwimbia kutoka getini hadi barabarani. Aliyeutunga ni mimi. Kwa hiyo niliposikia neno kaptula sikufikiria mlima wala karo. Nilifikiria wimbo ule ukiwa na jina la mama ndani yake.

Kabla ya siku ya soko baba alimkalisha mama akamfunza. "Kule juu si uzito unaowashinda watu," alisema. "Ni nguo." Isiwe ya jinzi, kwa kuwa jinzi ikilowa inakuwa nzito, haikauki, na inakwaruza kama msasa. Isiwe na mshono mnene katikati ya mapaja. Kiuno kiwe laini, maana mkanda wa begi utakaa hapo hapo kutwa nzima. Achuchumae nayo, apande juu ya kitu, avute hatua ndefu, na nguo ikimkumbusha kwamba ameivaa, aiache. Aliyasema haya kwa Kiembu, polepole, akishika kila sehemu ya mwili wake mwenyewe kuonyesha. Nilikuwa nimekaa pale pale karibu na moto na nilisikia kila neno.

Sokoni Runyenjes tulikwenda kwa msichana mmoja wa Kimeru aliyeitwa Kawira, mwenye rundo la kaptula lililonifika kifuani.

"Mathe, unatafutia msichana?" aliuliza akinipima kwa macho.

"Ni yangu," mama akasema. "Ya kupanda mlima."

"Yako? Wewe?" Kawira alishika kiuno akacheka hadi muuza viatu jirani yake akageuka. "Haki mathe umeniweza! Ngoja nikutafutie kitu safi."

Mama aliingia nyuma ya pazia la gunia na sketi yake. Alipotoka alikuwa amevaa kaptula nyeusi ya nailoni, nyepesi, inayoishia juu ya magoti, na mimi nikasahau kufunga mdomo. Sikuwa nimewahi kuona magoti ya mama. Nilimjua kama uso, mikono na nyayo. Katikati palikuwa na kitambaa. Sasa ilisimama mbele yangu miguu ya mtu mwingine kabisa, yenye misuli iliyojaa kwenye mashavu ya miguu, na kovu refu la panga juu ya goti la kushoto ambalo hakuna aliyewahi kunisimulia. Miguu ile ilikuwa imenibeba mgongoni kwa miaka, na nilikuwa sijawahi kujiuliza inafananaje.

Mama hakuwa na haraka. Aligusa mshono kwa kidole gumba, ndani na nje. Alichuchumaa kama anayekamua ng'ombe. Alipanda juu ya mtumba uliofungwa, akashuka, akapanda tena kwa mguu mwingine. Alivuta hatua tano ndefu kati ya nyanya na vitunguu vya watu. Akamwagia pindo maji ya chupa, akalikung'uta, akasubiri, akalipapasa, likawa karibu limekauka.

"Hii hainisumbui," alisema kwa furaha. "Ni kama sijavaa kitu."

Na hilo hasa ndilo lililonitisha. Watu walikuwa wameanza kusimama. Kwa muuza miwa niliwaona wasichana watatu wa darasa langu, wamekazia macho mapaja ya mama na miwa imebaki mdomoni. Nilihisi uso unawaka. Nikaingiza mikono kwenye rundo, nikavuta jinzi moja nene, iliyofika chini ya magoti, yenye maua yaliyoshonwa mfukoni.

"Mami, chukua hii."

"Wanja, hiyo ni jinzi."

"Ni ndefu," nilisema, na sauti ikakatika, nikainamisha kichwa.

Mama alinitazama. Akawatazama wale wasichana. Kisha akaipokea ile jinzi na kupitisha kidole gumba kwenye mshono wake wa katikati, mnene kama kamba ya mbuzi. "Hiyo ni ngumu, mathe," Kawira alimsifia. "Hiyo haitachanika mpaka wewe ufe!" Mama aliilipia.

Nyumbani baba aliifunua, akaigusa mahali pale pale, akainua macho. Mama akamwelekeza kwangu kwa macho tu. Baba aliikunja vizuri akasema, "Haya." Mimi nilifurahi sana, na siwafichi, nililala fofofo.

Siku ya kwanza ya safari nilimwomba Mungu mama asionekane na mtu barabarani. Siku ya pili mlima ulifunikwa na mawingu tangu alfajiri, meusi, na baba akasimama mlangoni pa jiko kwa mguu wake mzima akisikiliza ngurumo. "Inanyesha huko," alisema. Niliiona ile jinzi ikinywa maji. Maneno yake yote ya kando ya moto yalinirudia moja moja, na tangu hapo niliomba kitu kingine.

Siku ya nne mchana walishushwa na pikapu penye njia panda, mama na Mzee Njeru. Nilikimbia kumlaki, kisha nikasimama. Alikuwa anatembea ametanua miguu, kidogo kidogo, akitabasamu na midomo iliyopasuka. Mzee Njeru aliingia kwetu, akakaa, akavua kofia.

"Vijana wangu walimcheka," alimwambia baba. "Alifungua mikanda ya begi akaweka mukwa kwa kichwa. Wakamcheka mpaka kwa mawe. Kwa mawe wakanyamaza, maana alikuwa mbele yao. Lakini tangu siku ya tatu nikaona hatua imekuwa fupi. Nikamwambia apunguze mzigo, akakataa. Nikaona damu kwa soksi. Nimebeba na wanaume miaka mingi na sijaona mtu akitembea hivyo na kidonda." Alitikisa kichwa. "Kazi ni yake. Lakini nani alimchagulia hiyo nguo?"

Nilitaka ardhi ya jikoni inifungukie. Baba aliangalia goti lake.

"Ni mimi," mama akasema.

Alipoondoka mgeni nilitumwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Mapaja yale niliyoyaona sokoni, ngozi ilikuwa imechubuka kote ndani, nyekundu, mbichi. Nililia. Mama alichovya kitambaa akauma meno, kisha akaanza kunisimulia, na nadhani alifanya hivyo ili ninyamaze. Aliniambia kuhusu miti inayovaa nywele, na maua marefu kumpita, na ziwa lililolala chini ya ukuta wa mawe. Aliniambia kwamba asubuhi jua lilichomoza chini yao. "Chini yetu, Wanja. Mawingu yalikuwa kama maziwa yamemwagika, na sisi tuko juu. Nilitafuta Karurumo. Nilitafuta barabara ya kanisa. Hata sikuiona." Mwanamke huyu aliyenifunga kamba za viatu alikuwa amelitazama jua kutoka juu. Nilimwogopa kidogo, ile hofu ya kanisani watu wakipiga magoti.

Siku ya soko iliyofuata nilichagua mimi. Ile nyeusi ilikuwa imeuzwa. Nilipata ya kijani, nikaigeuza, nikapitisha kidole, nikamchuchumaza mama, nikampandisha juu ya mtumba, nikailowesha, huku Kawira akiapa kwamba mimi si mtoto wa miaka kumi. Mama alitoka sokoni akiwa ameivaa. Wimbo ulikuja, ndiyo, na jina lake ndani, na haukuua mtu. Alipanda mlima kwa misimu mingi, na karo yangu ikalipwa hadi chuo.

Mwaka jana, akiwa amestaafu na akilalamikia magoti, nilimuuliza hatimaye. Alikuwa anachambua maharagwe.

"Mami, baba alikuwa amekwambia. Na wewe mwenyewe ulishaipima. Mbona ulichukua ile jinzi?"

Hakuinua kichwa. "Nilijua itanila ngozi," alisema, "na ngozi nilijua itapona. Lakini wewe uliinama pale mbele ya watu, mtoto wa miaka kumi. Hiyo sikujua itapona lini."

Miaka yote nilikuwa nimemstahi mama kwa sababu ya mlima. Nilidhani alipolowa kule juu ndipo alipogundua kosa la ile nguo, kama mtu yeyote. Sasa najua kwamba alipanda akijua, akiwa na nafasi moja tu mkononi, kila hatua ikimchuna, na aliyemvisha akiwa ameketi nyumbani ameridhika. Na alipoulizwa, akasema ni yeye.