Mama Kwenye Ngazi za Sebuleni

Ndugu yangu mdogo, ambaye ni muuguzi ng'ambo, aliinunua ile nyumba akiwa huko huko. Ilikuwa Nyeri, katika mtaa wa zamani ambako walowezi walijenga nyumba zao za mawe, na ambao siku hizi wenye pesa wanaugombania. Jengo lenyewe lilikuwa jipya. Nyumba yetu ilikuwa na orofa mbili ndani yake: sebule na jikoni chini, vyumba vya kulala juu, na katikati ngazi za mbao zilizokingwa kwa kioo kitupu. Dirisha la sebule lilipanda kutoka sakafuni mpaka dari ya juu kabisa.

"Mama amezeeka, atoke kwenye matope," aliniambia kwa simu. "Na wewe ukae naye. Shule yako si iko karibu?"

Mama alikuja kutoka kijijini kwetu Kiriaini, akaacha shamba lake la majani chai, nyonga aliyovunjika ikiwa bado haijapona vizuri. Siku ya kwanza alisimama chini ya zile ngazi, akakipapasa kioo.

"Sasa hapa mtu anashika nini?"

Tangu hapo sikutulia. Nilikuwa nikiandika ubaoni, kiti kikianguka darasa la jirani, nadhani ni Mama. Siku za shule alibaki na msaidizi, lakini kila mapumziko nilipiga simu, na isipopokelewa mara moja nilipiga tena na tena.

Jumamosi moja mchana, Mama akiwa amelala juu, nilibandika sufuria ya githeri kwenye gesi, nikatoka kuanua nguo kabla mvua haijashika. Mlango ukajifunga nyuma yangu. Ulikuwa na kufuli ya kubonyeza namba. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena. Simu nilikuwa nimeiacha mezani.

Mlinzi wa jengo alikuja mbio.

"Madam, hizo ni betri zimeisha. Fundi ako Karatina. Nimpigie?"

"Mpigie! Lakini si tuuvunje tu?"

"Hii ni chuma, madam. Na hiyo kioo ya dirisha ni ile ngumu."

Harufu ya githeri inayoungua ilikuwa imeanza kutoka kwa tundu la hewa la jikoni. Nikazunguka hadi bustanini, nikabandika uso kwenye dirisha. Mama alikuwa amefika juu ya ngazi, leso mabegani, bila mkongojo.

"Mama! Usishuke! Rudi!"

Hakusikia. Nikagonga kioo, nikapunga mikono yote miwili kumwonyesha arudi. Akaniona. Akaketi kwenye ngazi ya juu, akaanza kushuka kwa makalio, mguu mzima ukitangulia.

Niliacha kugonga, nisije nikamshtua. Mlinzi alisimama kando yangu, amevua kofia. "Pole pole, shosho," alinong'ona, kana kwamba bibi huyo angemsikia. "Pole pole."

Katikati, leso ilinasa chini ya kisigino, Mama akalala upande. Nilijiziba mdomo. Aliegemeza kiganja kwenye kioo, akangoja, akaivua ile leso na kuitupa chini, akaendelea.

Alipofika sakafuni hakuja mlangoni. Alishika kiti, akashika meza, akaingia jikoni kuzima gesi. Ndipo akaja kunifungulia.

"Githeri yako imeungua," alisema.

Nilimkumbatia. 

"Mama, mbona ulishuka? Si nilikuwa nakuambia urudi?"

"Nirudi? Nilikuona ukipunga mikono, na kuna moshi. Nikajua nyumba inawaka, unaniita nitoke."

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Kumbe ni mimi niliyemteremsha.

Jioni nilimpigia ndugu yangu, nikamweleza yote. Alisema ataagiza kiti cha umeme cha kupandia ngazi. Mama akaomba simu, nikaiweka kwenye spika.

"Mwanangu, nyumba ni nzuri, na nimekaa ndani yake. Lakini naogopa kuanzia nikiamka mpaka nikilala, na huyu dada yako anaogopa kuniliko. Nirudishe nyumbani."

Ndugu yangu aliacha habari ya kiti cha umeme.

"Paa la kule bado linavuja?" aliuliza.

"Linavuja," Mama akasema.

"Basi wacha nianze na paa."

Mabati yalipigwa kabla ya mvua kuisha, nami nikamrudisha Kiriaini, nikiendesha gari polepole kila penye shimo.