Mwalimu wa Hesabu na Kipandio cha Mama

Mwalimu wa hesabu ana penseli mbili: moja iko nyuma ya sikio, nyingine anaitafuta. Kabla ya kukata ubao huupima mara tatu huku akinong'ona tarakimu, hupuliza vumbi, hufumba jicho moja, kisha hupima tena, maana anajijua. Ncha ya tepu yake ilikatika zamani, kwa hiyo huanzia kwenye sentimita ya kumi, na mwishoni huongeza kumi. Jumamosi ile alikuwa akimtengenezea mama yake kipandio cha kitanda. Mama alikuwa ametoka hospitali na nyonga mpya, na usiku uliopita alilala kitini. Mwalimu akapima, akapiga mstari, akakata. Alipoulaza ubao juu ya miguu ya kipandio, haukufika: ulipungua sentimita kumi kamili. Alichukua kalamu nyekundu, akaweka alama kubwa ya kosa juu ya ubao, akaandika: "Umesahau kuongeza. Sifuri. Rudia."

Mkewe akachungulia dirishani. "Nani tena kafeli?"

"Yule yule wa kila Jumamosi. Njoo umsaidie."

Ubao uliobaki ulikuwa mmoja tu. Mke akasoma tepu, mume akakata pembeni mwa mstari, taratibu, jasho likimtiririka. Jioni mama alikanyaga kipandio, akasita, akapanda, akalala chali na kushusha pumzi.

"Kimetulia, mwanangu. Umekitengeneza mwenyewe?"

"Kukata nimekata mwenyewe, mama," alisema. "Kujumlisha nimejumlishiwa."