Disketi ya Kaka Elia Kando ya Jiko

Nilimbanikia kaka yangu disketi. Ndiyo, niliibanika, kama mtu anavyobanika hindi. Sasa niko kidato cha pili, lakini nikisikia harufu ya plastiki inayoungua, nakimbilia jikoni kuangalia nini kimewekwa kando ya moto.

Kaka Elia alikuwa ametunga mchezo wa kompyuta. Maroli ya viazi na mbao yamekwama njia panda ya Makambako. Hili haliwezi kutoka mpaka lile lirudi nyuma, nawe unayasogeza moja moja mpaka yote yapate njia. Aliutunga kwenye kompyuta ya mtumba ya Mzee Shabani, mwenye duka la kuchapa barua pale Lyamkena, miaka ile ya soko huria ambapo kila kitu kilitufikia kimeshachokwa na wengine.

Mama akauliza, "Na hayo maroli yakishatoka, yanakwenda wapi?"

"Hayaendi popote, mama."

"Ah. Kama roli la baba yako, miaka yote liko juu ya mawe."

Baadaye kompyuta ikafa, mchezo ukabaki kwenye disketi moja tu. Mpwa wa Mzee Shabani, fundi wa kompyuta huko Dar, alikuwa apite kesho yake na basi la asubuhi. Alikuwa ameahidi kuutazama mchezo, na ukimpendeza, atamchukua na mtunzi wake akafanye kazi hiyo Dar. Kaka akapiga pasi shati.

Jioni hiyo aliileta disketi nyumbani ndani ya koti, manyunyu yameipata. Kwetu betri za redio zikichoka tunazipanga kando ya jiko la mkaa, zinapata nguvu ya kumaliza taarifa ya habari. Nikaihurumia disketi, safari ya Dar si mchezo. Nikaipanga katikati ya betri, nikaenda kumenya viazi.

Ilijikunja kama chapati. Kaka aliiokota, akaipuliza. Ati akaipuliza! Asubuhi yule mpwa aliigeuzageuza, akasema, "Bwana mdogo, hapa hamna kitu," akapanda basi lake.

Nilingoja kipigo nimevaa kaptula mbili, mtaalamu mimi. Hakuna aliyeninyanyulia mkono. Kaka alilala mchana kutwa, uso ukutani, na shati lake la pasi. Nilidhani nimesamehewa, nikapiga mluzi. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba mtu hampigi mtoto kwa sababu ya kitu alichokwisha kukizika. Mchezo ule hakuutunga tena, wala mwingine.

Jioni ya siku ile nilitaka kumwamsha ale. Mama akafunika sahani yake, akasema:

"Mwache alale. Kesho atakwenda shamba kama watu wengine."