Ukuta Uliopumua

Nta nyekundu ya sakafu ina harufu inayokaa kooni, kali na tamu kidogo, kama mafuta ya taa. Juzi niliisikia tena, nikiwa nimeketi kwenye korido ya kituo cha utafiti wa kahawa, hapa Ruiru, nikisubiri mahojiano yangu ya tano ya kazi mwaka huu. Nilikuwa nimefika saa mbili nzima kabla ya wakati kwa kuogopa kuchelewa, kisha nikaanza kuogopa kwamba kuwahi hivyo kungeonekana vibaya. Harufu ile ikanirudisha kwa mama.

Mama ndiye aliyekuwa akisafisha jengo hilo. Likizo za Agosti alinichukua kazini, kwa kuwa kule Thika tulikopanga chumba hakukuwa na wa kuniachia. Jengo hilo halikufanana na nyumba yoyote niliyoijua. Lilikuwa na paa bapa kama meza, ngazi za zege zilizochomoza ukutani bila nguzo ya kuzishika, na upande mmoja ukuta mrefu wa matofali yenye matundu, mamia, kama sega la nyuki. Wazee wa hapo walisema lilijengwa nchi ikiwa changa, watu walipotaka kila kitu kifanane na kesho. Mimi niliona tu kwamba aliyelichora hakuwahi kushika ufagio.

Matundu yale yaliingiza vumbi. Barabara kuu ilikuwa ikipanuliwa, na udongo mwekundu ulitufikia kila saa. Asubuhi mama alipitisha kitambaa ndani ya kila tundu, akapaka nta, akasugua sakafu kwa kipande cha blanketi chini ya mguu, akienda kama anayecheza dansi usingizini. Kufika saa nne, karani mmoja angepita, ainame, achore mstari sakafuni kwa kidole.

"Vumbi halina likizo," mama angesema, kisha aanze upya.

Siku moja akiwa ghorofani nilichukua magazeti makuukuu, nikayakunja, nikaziba matundu niliyoyafikia. Nikapanda kiti, nikaziba na mengine. Kwa wiki mbili sakafu iling'aa. Mama hakusema neno, nami nikadhani hajaona.

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na chumba cha mbegu za kahawa, na msimamizi wake, Mzee Njuguna, baada ya wiki hizo alikuja koridoni akiwa na trei ya mbegu mkononi.

"Mama Nekesa, hii magazeti ni nani ameweka?"

"Ni mimi," mama akajibu.

Nilikuwa nyuma yake, nimeshika leso aliyojifunga.

"Wewe? Si nilikuambia hii ukuta inapumua? Ona, mbegu ya msimu mzima imeshika ukungu."

"Wewe uliniambia ukuta upumue, Mzee. Karani akaniambia sakafu ing'ae."

Mzee alichambua kwa kidole mbegu mbili tatu zenye ukungu. "Ngai, Mungu wangu. Sasa mimi nitaandika nini?"

Aliandika alichoandika. Mama alihamishiwa kitaluni, kujaza udongo kwenye mifuko ya miche, mvua na jua, mpaka magoti yakakataa. Hakunigombeza. Nilingojea kiboko hadi nikachoka kukingojea.

Miaka yote niliamini alidanganya kwa ajili yangu. Hata chuoni, kule Juja, nilisomea usanifu wa majengo nusu kwa kutafuta namna ya kumwomba msamaha.

Juzi niliinua macho. Matundu yote yamezibwa kwa vioo upande wa nje, na mashine ya kupoza hewa inanguruma juu yake. Sidhani kuna aliyepelekwa kitaluni kwa hilo. Niliinuka, nikapitisha kidole ndani ya tundu moja, taratibu, kama alivyofanya yeye. Mtu aliyefanya hivi kila asubuhi, tundu kwa tundu, hawezi kukosa kuyaona magazeti kwa wiki mbili. Aliyaona siku ya kwanza, akayaacha. Alikuwa amechoka. Aliposema ni yeye, hakuwa akidanganya.

Jina langu likaitwa. Pamoja na kuwahi kwangu kote, nilichelewa kuitika.