Mdomo Ulioonekana Kwenye Televisheni

Siku ile siisahau, mwanangu, ingawa nimeshasahau mengi, hata pahali nilipoweka miwani yangu asubuhi hii. Nilikuwa na miezi mitatu tu katika Baraza la Wawakilishi, mwakilishi mpya kutoka huku kwetu kusini ya Pemba, mwanamke kijana, kila kikao na baibui jipya. Wewe umekuja kuniarifu kwamba umechukua fomu ya kugombea, unataka dua. Dua utapata. Lakini kwanza kaa unisikilize, na hiyo simu iweke.

Ililetwa hoja ya kumpa mwekezaji kipande cha pwani yetu upande wa Kengeja ajenge hoteli. Kipande kile ndicho walichokuwa wakilima mwani kina mama walionichagua. Walinipikia wageni wangu wa kampeni, wakapita nyumba kwa nyumba kuniombea kura. Nilijua. Sitaki kukudanganya kwamba sikujua. Hata maneno ya kupinga nilikuwa nayo kwenye karatasi, nimeyaandika vizuri. Lakini kabla ya kikao mkubwa mmoja wa chama akaniita pembeni, akanambia, "Binti, wewe bado mpya. Leo sema ndiyo na wenzako, mambo yako mengine yatakwenda." Nikaogopa, mwanangu. Niliogopa kukosa kamati nzuri, basi, hakuna zaidi.

Spika akauliza: wanaoafiki waseme ndiyo. Ukumbi wote ukavuma. Mimi nikafanya ujanja wangu, nikaufungua mdomo na kuuchezesha kama wenzangu, sauti sikutoa. Nikajiona hodari kweli. Chama kitadhani nimesema, na Mungu anajua sikusema. Walipoulizwa wasioafiki, nikainama kutafuta kalamu, na kalamu ninayo mkononi.

Nikarudi kwa boti, nikashuka Mkoani, nikapanda gari ya abiria mpaka Kengeja. Maji yalikuwa yamekupwa, kina mama wamo pwani wanafunga mwani kwenye kamba. Nikavua viatu nikawafuata, natoa salamu. Waliitikia, maana salamu huitikiwa, kisha wakaendelea kufunga. Hakuna aliyeniuliza habari za safari. Kwetu mtu akirudi safari asiulizwe habari, ajue ametenda jambo.

Bi Time, mkubwa wao, ndiye aliyenyanyuka. "Siku ile tulikaa sote kwa Bi Mize tukikuangalia kwenye televisheni," akanambia. "Ndomo wako tuliuona."

"Sikusema ndiyo, Bi Time. Wallahi sikutoa sauti."

"Na hapana je, uliitoa?"

Nikainama kukunja pindo la baibui.

"Basi sie ulituwakilisha na nini? Tungetaka ntu wa kunyamaza si tungewapeleka waume zetu!"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Mimi nikalia pale pale kwenye matope, mheshimiwa mzima, na wala hakuna aliyenibembeleza.

Haukupita mwaka, mwekezaji akataka na kipande cha pili, chote kilichobaki mpaka kwenye mikoko. Yule mkubwa wa chama akaniita tena. Safari hii nilimjibu mbele ya watu: "Mzee, heshima yako iko pale pale, lakini leo sikuitikii." Walipoulizwa wasioafiki, nikapiga "Hapana!" peke yangu, kwa ile sauti ya kuitana pwani. Wengine wakaangua kicheko. Nikasimama, nikaomba kila mtu aitwe kwa jina lake na aseme lake. Kanuni inaruhusu, na mimi nilikuwa nimeisoma. Spika akakubali. Walipoanza kuitwa mmoja mmoja, jibu la kila mtu likiandikwa na makwao wakiangalia televisheni, ule ushujaa wa kuvuma pamoja ukawaishia. Hata waliocheka walisema hapana. Hoja ikaanguka.

Uchaguzi uliofuata chama hakikunirudisha. Muhula mmoja tu, nikarudi kufundisha watoto Kurani chuoni na kulima muhogo. Wapo wanaonionea huruma mpaka leo, na huruma yao wakae nayo. Ningerudishwa pale leo ningesema hapana ile ile, tena kwa sauti kubwa zaidi. Linaloniuma ni lile la kwanza. Kipande cha kwanza kimekwenda, kina ukuta na mlinzi, na mabinti wa wale kina mama huzunguka mbali ndipo waifikie bahari. Nilipokwenda kukidai, nilioneshwa kumbukumbu za kikao: hakuna aliyepinga. Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Hakuna aliyepinga.

Kwa hiyo nasaha yangu shika hii. Watakuambia wewe bado mpya. Waambie waliokutuma si wapya. Jambo ukilikataa, likatae siku ile ile, wakusikie, na uhakikishe limeandikwa. Usijifariji kwamba moyoni ulikataa. Ya moyoni anayajua Mungu, lakini watu wako wataishi na kile kilichoandikwa, wao na watoto wao. Na wakikunyang'anya kiti, waachie, rudi nyumbani kifua mbele. Hutakufa. Mimi huyu hapa.

Haya, inua mikono. Mwenyezi Mungu akupe kiti hicho ikiwa kina kheri na wewe. Na siku watakapokutaka uchague baina ya kiti na waliokukalisha, akupe nguvu za miguu usimame. Sema amin. Sijakusikia, mwanangu. Sema tena.