Maji ya Chini ya Ofisi

Mama yangu alikuwa mwosha maiti. Katika mtaa wetu wa Kasongo, mwanamke wa Kiislamu akifariki, hata kabla ya sanda kununuliwa, mtu alikuwa ameshatumwa kwetu kumwita. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifunga kikwembe chake kiunoni, akachukua kata yake ya kifuu, akaagiza maji ya chemchemi. Ya mvua hakuyataka, alisema yanapita kila mahali na hayana kwao. Chemchemi yetu iko bondeni, inatoka katikati ya mawe, na maji yake ni baridi hata jua likiwaka namna gani. Mama yake alioshwa kwa maji hayo, na bibi yake pia. Tangu tukiwa wadogo alituambia kwamba siku yake ikifika, asiletewe mengine.

Juu ya chemchemi hiyo, mteremko unapoanzia, ndipo ilipo ofisi ninayofanya kazi. Ni ofisi ya serikali ya ardhi na misitu. Tunapima viwanja, tunaamua mipaka ya mashamba, tunawakataza watu kuchoma pori na kukata miti kando ya mito. Mimi ndiye mwanamke anayepokea wageni mlangoni, na wengi wao huja wakiwa wamekasirika tayari. Sijawahi kuwalaumu.

Jengo lenyewe ni la zamani, nguzo za mti na dari ya mbao. Na kwetu, ukijenga kwa mti, umewajengea mchwa. Wanakula mlango, wanakula kitanda, katika msikiti wa mtaa wetu walikula hata ngazi ya mimbari. Dawa yake kila mtu Kasongo anaijua: mafuta machafu ya injini. Unapaka nguzo, unamimina kandokando ya ukuta, mchwa wanahamia kwa jirani. Ofisi yetu ilikuwa na groupe, ile mashine ya umeme, ikinguruma kutwa nzima kwa ajili ya kompyuta moja na friji ya shefu, mkuu wetu wa ofisi. Kila ilipobadilishwa mafuta, yale machafu yalimwagwa katika mfereji uliochimbwa kuizunguka nyumba yote. Hakuna aliyeona ubaya. Tulijisifu, tena sana. Wageni kutoka Kindu walipelekwa kuzitazama nguzo zetu, na majirani walikuja na vidumu kuomba kidogo.

Ikaja masika yenye mvua nyingi. Asubuhi moja mama alipanda kutoka bondeni na ndoo yake, akaiweka mbele yangu nilipokuwa najitayarisha kwenda kazini.

"Nusa," akasema.

"Ninuse nini, mama?"

"Mayi iko na arufu."

"Arufu ya nini?"

"Ya kwenu," akasema, akaingia ndani.

Niliinama. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wenye rangi rangi, na harufu ilikuwa ile ile iliyonipokea kila siku mlangoni pa ofisi. Nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba nilikuwa sijui tena kama ni harufu. Nikaona haya, halafu nikashikwa na hasira.

Nilikwenda kwa shefu. Alikuwa mtu mwema, si mzaliwa wa Kasongo, mpole kwa wafanyakazi wake, lakini siku hiyo alicheka. "Mama, mafuta inaelea juu. Muteke ya chini. Problème iko wapi?" Nilimweleza habari ya mama yangu na maji yake. Aliacha kucheka, akanipa pole kama vile msiba ulikuwa umeshatokea. Mfereji ukaendelea kunyweshwa.

Kilichombadilisha kilikuwa Salamabila. Tulikwenda kule kwa pikipiki, yeye na mimi na wenzetu wengine, kuzungumza na wachimba dhahabu juu ya mto wanaouchafua. Shefu alizungumza vizuri. Alisema mto ni wa watoto wetu, alisema anayeharibu maji ameharibu ukoo. Watu walisikiliza. Kisha akasimama mnunuzi mmoja wa dhahabu, mwanamke tajiri aliyevaa pete kila kidole. Nilimtambua, tulicheza pamoja utotoni pale pale bondeni.

"Shefu, miye minakuheshimu," akasema. "Lakini miye mutoto wa Kasongo. Mayi ya chini ya ofisi yenu inanuka groupe. Munakuja kutufundisha siye kuchunga muto?"

Uwanja mzima ulicheka. Mtu mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, "Nyani haoni kundule!" wakacheka tena. Shefu alikaa. Mimi niliangalia viatu vyangu, na nisiseme uongo, moyoni nilifurahi.

Tukapanda pikipiki kurudi. Tulisimama Wamaza kupumzika, na mwenye nyumba mmoja akatuletea maji ya kunywa katika kikombe cha bati. Shefu alikipokea, akakisogeza puani kwanza, ndipo akanywa. Hapo nikajua lile neno limemwingia.

Tulipofika Kasongo aliizima groupe kwa mkono wake. Kompyuta ikawekewa kibao cha jua juu ya bati, na friji ikaondoka. Soda ya mkubwa ikawa ya moto kama zetu. Halafu tukachimba. Wanaume wa ofisi walivua mashati, sisi wanawake tukabeba kwa makarai. Udongo wa mfereji ulitoka mweusi, unang'aa, na kila tulipodhani tumefika mwisho, chini yake kulikuwa na mweusi mwingine. Tuliutia katika mapipa. Kisha tukatazamana. Tuutupe wapi? Ulipo udongo wa Kasongo kuna mtu anayeteka maji chini yake. Tukajenga kibanda cha sakafu ya saruji nyuma ya ofisi, na mapipa yako humo hadi leo. Kila nikipita hapo, hasira yangu inarudi mahali pake.

Mchwa hawakukawia. Mvua za kwanza zilipopiga, kumbikumbi walitoka ardhini mlangoni pa ofisi ya serikali, na wanawake wa mtaa wakaja na masufuria kuwaokota na kuwakaanga. Nguzo zikaanza kuliwa. Tukazibadilisha moja moja kwa matofali ya kuchoma.

Lakini maji yalikuwa hayajapona, na mama alikuwa ameanza kuugua. Alilala katika chumba chake, miguu imevimba, pumzi fupi. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda kazini, nilishuka bondeni kumletea kikombe. Alikinusa akiwa amefumba macho, mimi nimesimama kando ya kitanda.

"Bado," alisema.

Nilimwuliza shefu maji yatapona lini. Alisema hajui. Nilitaka kumpigia kelele, lakini yeye mwenyewe alikuwa anashuka bondeni siku nyingine na kuinama juu ya yale mawe. Nilimwona kutoka dirishani.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliyekuja kutusaidia kuuguza, alichoka kumwona dada yake akitikisa kichwa. "Tumupe ya pompe," akaniambia jikoni. "Tumuambie imetoka kule. Aende na roho baridi." Pompe ni ile pampu ya mkono, karibu na soko, na maji yake ni safi. Nikageuka kuchochea moto. Alijaza kikombe, akakipeleka mwenyewe. Mama alinusa, akanywa kidogo, akalamba midomo.

"Iko tamu," akasema.

Mama mdogo akanitazama kwa furaha.

"Pompe yao iko tamu sana," mama akaendelea, akamrudishia kikombe. Mama mdogo alikimbilia jikoni, na sijui kama alikuwa analia au anacheka. Nadhani yote mawili.

Jioni ya siku hiyo mama aliniita nikae karibu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama kitambaa.

"Ikiwa mayi haijapona," akasema, "munioshe na ile ya pompe. Musinipake mafuta ya groupe. Miye hapana nguzo ya ofisi."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Kisha nikatoka uani nikalia kama mtoto.

Alifariki wakati wa kiangazi, baada ya sala ya alfajiri. Watu walipokuwa wanaanza kujaa nyumbani nilichukua ndoo, nikashuka bondeni. Nilijua jibu, lakini nilishuka. Niliteka, nikanusa, nikamwaga. Nikapanda mpaka pompe na kurudi, wanawake wakanipisha. Tulimwosha kwa maji hayo pamoja na kafuri, kwa kata yake mwenyewe. Yalikuwa maji safi.

Mvua zikaja tena, zikapita. Jirani yetu mmoja, bibi aliyeuza maandazi, akafariki, na mtu akatumwa nyumbani kwetu kama zamani. Sikuelewa alichotaka, mpaka aliposema, "Wanakuita uende kuosha." Nikafunga kikwembe kiunoni, nikachukua kata, nikashuka bondeni.

Maji yalikuwa yanatoka polepole kati ya mawe. Nilichota, nikanusa. Harufu ya jiwe, na ya majani yaliyooza kidogo. Nikanusa tena. Hakuna kingine. Nikageuka na kata mkononi nimpe mama naye anuse, na nyuma yangu kulikuwa na njia tu, inayopanda ofisini.

Nililia pale pale. Kisha nikaijaza ndoo, kwa kuwa maiti hacheleweshwi.