Machozi ya Banda la Kuku

Juzi, katika maabara ya shule ninayofundisha Kileleshwa, msichana mmoja alinusa maji niliyoyatia amonia, akaruka nyuma huku machozi yakimtoka.

"Mwalimu, kwani maji haiwezi kushika hii kitu?"

Nikamwambia maji huibadilisha kidogo tu. Sehemu kubwa hubaki amonia vilevile, tayari kurudi hewani. Nikiwa bado nasema, mawazo yalinirudisha utotoni, Dagoretti, ndani ya banda letu la kuku.

Mama alikuwa ameziba madirisha kwa magunia ili vifaranga wasipigwe na baridi, na jiko la makaa liliwaka katikati. Harufu ya kinyesi, amonia ileile, ilikata koo. Sisi tuliamini maji huua kila harufu, kwa hiyo Mama alimwaga ndoo baada ya ndoo juu ya maranda, lakini harufu ikazidi kupanda. Vifaranga walifumba macho, wakalia kwa sauti nyembamba, wakaanza kuanguka. Tangu Baba aachishwe kazi, hatukuwa na tegemeo lingine.

"Mama, unalia?"

"Ni hii harufu tu. Leta maji, haraka!"

Nilimwamini. Nilikimbia na ndoo hadi banda likanyamaza.

Leo najua macho yaliyowashwa na amonia hutulia ukitoka nje penye hewa safi. Mama alitoka, akaketi kando ya bomba la uani, upepo ukimpiga usoni, akanawa, akanawa tena. Giza lilipoingia, bado alikuwa akiniambia ni harufu.